Jina Letu Juu ya Boksi

Mimi na mwenye duka tulikuwa na jina moja, kwa hiyo hatukuitana kwa jina. Yeye aliniita wajina, nami nikamwita wajina. Wateja walitutofautisha kwa midomo: yeye Wajina Msemaji, mimi Wajina Bubu. Sikuchukia. Mbele ya watu maneno huniganda kooni, tangu darasa la kwanza hadi la saba nilipoishia. Yeye angeweza kumuuzia kitana mwenye kipara, na mwenye kipara akashukuru. Hata mke wangu, ni wajina aliyemwendea kumwambia kwamba kuna mtu anampenda, maana mimi kila nikimkaribia nilikuwa namuuliza saa ngapi.

Duka lilikuwa la vitu vya watoto, na kilichotupa riziki ni matofali ya plastiki, yale madogo ya kupachika, yanayouzwa kwa seti ndani ya boksi lenye picha. Kazi yangu ilikuwa kujenga. Mzigo mpya ukija, nilifungua boksi moja, nikajenga kilichochorwa, tukakiweka kwenye kabati la kioo karibu na mlango. Ndivyo vidole vyangu vilivyojifunza kupima.

Kwanza ni kuuma. Tofali zuri linauma lililo chini yake. Ukilipachika unasikia "tak", ukinyanyua jengo kwa pembe moja linakuja zima, na bado mtoto analibandua bila kutumia meno. Likiuma mno ni baya. Lisipouma ni baya zaidi.

Halafu kuna akili ya aliyeibuni seti. Nyingine zina kipande kimoja kikubwa, ubavu mzima wa nyumba, ambacho hakitafaa kitu kingine maisha yake yote. Nyingine zimejazwa vipande kama punje za mtama ili idadi iliyoandikwa nje ivimbe. Mimi nilijenga cha kwenye picha, nikakibomoa, nikafunga kijitabu cha maelekezo, nikajenga kitu changu. Seti inayokubali kujengwa mara ya pili bila picha, hiyo ndiyo yenye thamani. Inayokataa, mtoto ataichezea siku moja, kisha mama yake atakuwa akiikanyaga gizani bila viatu.

Hayo nilimnong'onezea mama mmoja, naye akamwambia jirani yake. Wakaanza kuja. "Kaka Bubu, hii inauma?" Nikitikisa kichwa, wanairudisha. Nikiitikia, wanalipa.

Wajina aliona. "Wajina," akaniambia, mkono begani, "watu wanakununua wewe. Boksi ni nyongeza tu. Tuandike." Basi kila seti niliyoikubali niliibandika karatasi ndogo, nikaandika kwa mkono wangu kwamba imejengwa na kukubaliwa na fulani, yaani mimi. Nilipoliona jina langu mara ya kwanza juu ya kitu kinachouzwa, niligeukia ukutani nikacheka peke yangu.

Kisha ukaja mzigo mkubwa wa vituo vya zimamoto. Boksi kubwa, ndani hewa. Nyekundu zake zilikuwa za kila namna, na mnara ulipofika juu ukainama kama mlevi anayetafuta kiatu.

"Haiumi," nilimwambia.

"Haiumi, au wewe ndiye huna meno?"

"Wajina, haiumi."

Akanitazama, akacheka. "Basi. Ukisema haiumi, haiumi. Nitairudisha."

Siku hizo mama yangu alikuwa mgonjwa kijijini, nikaenda kumuuguza moyo ukiwa umetulia.

Niliporudi nilimkuta mwalimu wa chekechea kwenye kaunta na mfuko. Huyu hakuwahi kununua kitu bila kuniuliza. Aliponiona akaumwaga: nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Kaka, nimenunua za darasa zima kwa ajili ya jina lako. Watoto wanajenga, inaanguka. Mmoja ameniuliza, 'Mwalimu, nimekosea wapi?' Nimjibu nini?"

Nikatazama rafu. Vituo vya zimamoto vilikuwa vimepangwa hadi karibu na dari, kila kimoja na karatasi yake. Haikuwa ya mkono tena. Ilichapwa, inang'aa.

"Wajina," nikasema, "umeweka jina langu."

"Lako?" Akawageukia wateja, kicheko kiko tayari. "Jamani, mimi naitwa nani?"

Wakamtajia.

"Haya. Nimejenga mwenyewe, nimekubali mwenyewe. Kwani wajina, jina umelinunua?"

Duka zima likacheka. Hata mwalimu, midomo ilimcheza.

Nikaenda kwenye rafu nikaanza kubandua karatasi kwa ukucha.

"We! Unabandua jina langu?" Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Weka chini hilo boksi. Au utoke."

Nikaliweka chini, na nikatoka.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza akikunja nguo. "Jina mligawana sawasawa," akasema. "Haya ya usoni ndiyo mligawana vibaya. Wewe umebeba ya watu wawili."

Maneno hayo yaliniuma hadi nikamfuata mwalimu shuleni kwake. Njiani nilikariri kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya darasa. Nilipofika nikasema yote, bila kusita.

Mwalimu akanisogezea kiti. "Nimeshamrudia mwenye duka. Wazazi walipomjia juu, aliwaambia aliyepima ni wajina wake, na kwamba amekufukuza kwa uzembe. Aliapa."

"Siku ile alisema jina ni lake. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na leo nimemsikia akiapa. Sasa nishike lipi?" Akatazama chini. "Kaka, ningekuwa peke yangu, ningekuamini. Lakini nimeshawaambia wazazi wasinunue chochote chenye jina hilo. Siwezi kuwarudia nikasema jina ni baya likiwa la huyu, ni zuri likiwa la yule."

Sikumlaumu. Nilimshukuru, nikaondoka.

Sasa niko duka jingine, ng'ambo ya mji. Kazi ni ileile. Nilipoulizwa jina, nilitaja la babu mzaa baba, nalo ndilo linalobandikwa. Juzi alikuja mama mmoja na seti ya gari moshi. Nilikuwa nimeshaijenga na kuibomoa, nikaitikia.

"Afadhali wewe," akasema. "Kule mjini kuna mmoja, kwa sura simjui, ila jina lake lilikuwa juu ya kila takataka." Akalitaja. "Mwongo yule! Unamjua?"

"Nimesikia habari zake," nikasema, nikamfungia boksi lake.