Aliyekuja na Mwavuli Jua Likiwaka

Sisi tuliokulia Msambweni kabla simu hazijaanza kututabiria hali ya hewa tulijua kwamba mvua hainyeshi burebure. Ikinyesha siku ya harusi, basi bibi harusi alikuwa na tabia ya kula ukoko sufuriani. Ikinyesha siku ya muziki, basi yuko mtu aliyeiita. Na mtu huyo alitafutwa.

Nakumbuka Idd Pili moja, bendi ya mtaani kwetu ilipotumbuiza katika uwanja wa shule. Mwimbaji alikuwa shangazi yangu Mwanasha, na kiongozi wao Juma Kinanda. Haikuwa shughuli ya mchezo. Meneja wa hoteli moja ya Diani alikuwa anakuja kuwasikiliza, na wakimpendeza wangepata kazi ya kila wiki. Shangazi alishinda siku nyingi akinywa maji ya tangawizi, haongei, anatuagiza kwa mikono kama bubu. Sisi watoto tulivaa zile zile nguo za Idd zilizonuka udi, vidole vyekundu kwa mabuyu, tukapanga foleni kwa Mama Saumu, aliyekaanga viazi karai kando ya ukuta wa shule.

Jua lilikuwa kali, mbinguni hakuna hata wingu. Ndipo akaja Salimu.

Salimu alikuwa mpiga ngoma wa bendi hiyo hiyo, mpaka alipogombana na Juma akatolewa. Alisimama pembeni ndani ya kanzu yake nyeupe, na mkononi ana mwavuli mweusi uliokunjwa.

Bibi yangu alimtazama kwa muda, kisha akatuita mimi na binamu yangu Mwanaidi. "Nani abebaye mwavuli siku kama hii?" alitunong'oneza. "Nendeni mkamtazame mikono. Akitia mkono mfukoni tu kutoa dawa yake ya mvua, semeni."

Tukaenda. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Hamuendi kucheza?"

"Twacheza papa hapa," Mwanaidi akajibu, na tukasimama mbele yake bila kupepesa macho.

Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa tatu upepo ulipogeuka. Mawingu yakaja mbio kutoka upande wa Funzi, meusi, yamekaza kama yameagizwa. Salimu akatia mkono mfukoni.

"Ametia mkono!" Mwanaidi akapiga ukelele.

Alichotoa kilikuwa hanchifu, akajipangusa jasho. Lakini tone la kwanza lilikuwa limeshaniangukia puani, na uwanja mzima ulikuwa umegeuka kumtazama. Mvua ikashuka kama iliyomwagwa. Turubai la jukwaani likang'oka upande mmoja, jenereta ikazimwa haraka watu wasije wakapigwa na umeme, na kinanda cha Juma kikanyamaza. Ngoma nayo ililowa, ngozi ikalegea, kijana aliyechukua nafasi ya Salimu akawa anapiga kitu kisicholia. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kumkamata Salimu mabega.

"Irudishe!" mmoja alifoka. "Irudishe ulikoitoa!"

Shangazi akashuka jukwaani, leso imemganda mwilini. "Mwacheni! Kwani mawingu ni ng'ombe wake?"

"Muulize huo mwavuli ni wa nini," Juma akasema.

Salimu alijibu taratibu. "Goti langu limeniuma tangu alfajiri. Likiuma, mvua yaja. Nyinyi hamkuniuliza."

Hakuna aliyemwamini. Niliona watu wakitazamana, na meneja wa hoteli akielekea kwenye gari lake. Salimu naye alimwona. Akajichomoa mikononi mwa wale wanaume, akampa shangazi mwavuli, akalichukua sinia la bati la Mama Saumu, akalipindua na kuanza kulipiga kwa vifundo vya vidole. Lililia lile sinia! Shangazi akaimba bila maikrofoni, kwa sauti aliyokuwa ameiweka akiba siku zote zile. Akina mama wakajifunga leso viunoni, wakaingia topeni wakicheza, na sisi nyuma yao. Meneja alifungua mlango wa gari, akasita, kisha akaufunga akiwa bado nje.

Kazi waliipata. Sharti la meneja lilikuwa moja: yule wa sinia awepo. Juma alimeza mate, akampa Salimu mkono mbele ya watu wote.

"Mmeona?" bibi akatuambia usiku huo, akitukausha nywele. "Ameiita mvua ili arudi kwenye bendi."

Shangazi aliolewa na Salimu baadaye. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza ni goti lipi hasa lililokuwa likimsumbua mumewe. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwanangu, miaka yote hii sijamsikia akilalamikia goti."

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye tamasha moja Ukunda. Matone machache yalipoanguka, vijana walikimbia wameshika nywele zao, wakajifungia magarini. Msanii naye akakimbia. Wimbo haukukatika, kwa kuwa ulikuwa umerekodiwa; sauti yake iliendelea kuimba peke yake pale jukwaani. Nilibaki nimesimama uwanjani, nimelowa chapachapa, nikiangaza huku na huku nimpate wa kumshuku. Hapakuwa na mtu.