Majani ya Chini ya Gari

Ndelilio wa Kilema hakuzoea kumbembeleza mtu. Marehemu mumewe alimwachia kihamba chenye migomba na kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja mwekundu, sasa mwenye mimba pevu. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa benki yake na mbolea yake. "Akizaa salama, nami nimezaa," alikuwa akisema, na aliyecheka alinyimwa maziwa.

Masika yale Jasvinder, fundi magari wa mjini Moshi, aliomba kuegesha gari-nyumba lake uani pake. Lilikuwa gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani, akilitengeneza apate kulikodisha kwa wageni. Alitaka kuijaribu hita yake kwenye baridi ya huko juu mlimani. Hita ile ilipasha moto kulanti, yale maji ya kijani ya rejeta, ikayasukuma kwenye mabomba yaliyopita sakafuni, gari zima likapata joto.

Ndelilio alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Mvua ilikuwa haijamwachia mahali pakavu. Gari lilipotulia tu, akayasukumia chini ya tumbo lake marobota ya majani ya mpunga aliyoyaleta kutoka Mabogini, chakula cha ng'ombe.

Kila asubuhi Jasvinder alipanda na pikipiki, akafungua kabati la hita, akaguna.

"Mama Ezra, kulanti imeshuka tena. Jana nilijaza mpaka kwenye alama."

"Usinitazame mimi. Mimi nakunywa chai."

Akakagua mfuniko. Akakaza klipu za mabomba moja moja. Akafuta pampu kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheupe vilevile. Akapiga magoti, akamulika tochi chini ya gari.

"Hakuna hata tone. Gari linalovuja huacha dimbwi. Hili linakunywa lenyewe."

"Basi lina pepo. Mwite mchungaji."

Jasvinder akacheka, akajaza tena, akaiwasha hita kwa saa nzima, akaizima, akateremka mjini. Ndelilio hakucheka. Kitu kinachopungua bila kuonekana kinakokwenda hakimpendezi mtu aliyewahi kuzika.

Wiki hiyohiyo ng'ombe akawa mchaguzi. Majani mengine aliyanusa akageuza kichwa. Yaliyotoka robota la katikati aliyala kwa pupa, akalamba hori mpaka mbao zikang'aa. Ndelilio akasingizia mimba. Mwenyewe alipombeba Ezra alikula udongo. Lakini kesho yake alimkuta anayumba kama mlevi, miguu ya nyuma inapishana. Akavuka mfereji hadi kwa mzee Sirili, mpika mbege, ile pombe ya ndizi.

"Umempa ng'ombe wangu machicha ya mbege?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Umempa machicha?"

"Marahaba. Machicha hayawatoshi nguruwe wangu, nimpe ng'ombe wa mwanamke mwenye ulimi kama wembe? Kwani ananuka mbege?"

Swali hilo likamgeuza Ndelilio palepale. Alirudi mbio, akausogeza uso wake kwenye mdomo wa ng'ombe. Mbege haikuwapo. Palikuwa na harufu tamutamu, kama ya peremende iliyolowa. Harufu hiyo aliijua. Jasvinder huja nayo mikononi.

Akaenda kwenye gari, akalivuta robota la katikati. Lilikuwa zito kama maiti. Alipolipasua, moyo wa majani ulikuwa umelowa, wa kijani.

Jasvinder alipofika aliwasha hita, akalala chali chini ya gari, safari hii majani yameondolewa. Bomba likapata moto. Kwenye kiungio kilichojificha nyuma ya bamba la sakafu, tone likachungulia, likaanguka. Likafuata jingine.

"Kikipata moto kinavuja, kikipoa kinaziba," akasema taratibu. "Na kilichodondoka, majani yamekinywa. Ndiyo maana sikuona dimbwi."

"Na majani ameyala ng'ombe wangu. Ni sumu?"

Fundi akaifuta mikono yake, akaifuta tena.

"Jasvinder, nimekuuliza kwa Kiswahili."

"Ni sumu, dada. Tamu, lakini inaua figo."

Daktari wa mifugo, binti aitwaye Rachel, alikuja akatundika dripu kwenye boriti ya banda. Alimpapasa ng'ombe kiunoni kwa muda mrefu, kisha akasema bila kumtazama Ndelilio usoni:

"Tusubiri mkojo, mama. Akikojoa, tuna tumaini. Asipokojoa, usiniulize zaidi."

Alasiri yote Ndelilio alikaa bandani na ndoo mapajani. Nje, bisibisi ililia kwenye chuma, hita ikanguruma, ikanguruma tena. Kisha sauti ya Jasvinder ikapenya mbao za banda:

"Imekamata! Haishuki tena!"

Kisha hita ikazimwa ghafla, kama kwa aibu.

Ng'ombe alikunja magoti, akajilaza, shingo akainyoosha chini. Ndelilio akaweka kiganja ubavuni. Ndani ndama alikuwa akirusha mateke kwa nguvu, kama anayetafuta mlango. Akainama kutazama chini ya mkia.

Sakafu ilikuwa kavu.