Mkono Ndani ya Kiatu

Mume wangu ni fundi viatu, na kwa miaka ishirini amesoma miguu ya watu kama wengine wanavyosoma magazeti. Mpe kiatu chako, atakwambia unaegemea upande gani na goti lipi linakusumbua. Huwa hakosei, na hilo ndilo limemharibu.

Alipoambiwa ana kisukari, alisema kipimo kimekosea. Mama yangu, anayeishi na ugonjwa huohuo mwaka wa kumi na moja sasa, hakubishana naye. Alimwalika tu kwenye kikundi chao cha Jumamosi pale zahanati, ambako mimi humsindikiza. Mume wangu akaja shingo upande, akitegemea kusikia watu wakilalamika. Akamkuta muuguzi anafundisha utunzaji wa miguu. Basi akahamia kiti cha mbele.

Jumamosi ya tatu, somo alilitoa mume wangu. Alieleza kwamba sukari ikizidi kwa muda mrefu hutia nyayo ganzi, hata mtu akanyage kitu kutwa nzima asijue, na kidonda kikichimbika, mguu wenyewe unaweza kukatwa. Kwa hiyo, kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono upapase mpaka kwenye vidole. Muuguzi alikwisha kuyasema yote hayo wiki mbili nyuma, lakini wanakikundi wakampachika mume wangu jina la Profesa. Nyumbani hakukukalika.

Wiki iliyofuata muuguzi aliwataka wafanye kwa vitendo, kila mtu akague viatu vya jirani yake. Profesa alikuwa amekaa na mkwewe. Alivipapasa viatu vya mama, akavisifu sana, maana alivishona yeye. Kisha mama akanyoosha mkono apewe vya kwake.

"Hivi nimevitia soli mpya jana kwa mkono wangu, mama."

"Vua tu, baba."

Akavua. Mama aliingiza mkono kwenye kiatu cha kulia, akasita, akautoa. Kidole chake kilikuwa na damu ambayo haikuwa yake. Ndani ya soli ulikuwa umechomoza msumari mdogo, wa aina ileile anayoibana mume wangu midomoni kila siku akiwa kazini. Soksi ilikuwa imelowa.

Mume wangu aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mteja.

"Sijasikia kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anabishana.

Mama alipiga magoti, akamvua soksi taratibu, akamwita muuguzi.

Kidonda kilisafishwa kwa miezi miwili ndipo kikafunga, na mguu tunao. Siku hizi, kila asubuhi, mume wangu ananiletea viatu vyake nivipapase. Mikono yake mizima, angeweza mwenyewe, ila anasema hajiamini tena. Hukaa kwenye kigoda, miguu mitupu, akinisubiri nimalize.

"Vipi, fundi," huniuliza, "naweza kuvaa?"