Mama na Swali la Sita

Kanisani kwetu Kakese hubatizwi mpaka uhojiwe. Wazee wa kanisa watatu hukaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kufuma, wewe unakalia stuli mbele yao, na wanakuuliza misingi ya imani mmoja baada ya mwingine. Mwaka ule mwalimu wa darasa la ubatizo nilikuwa mimi, na mwanafunzi aliyefeli mara mbili alikuwa mama yangu mzazi.

Alikuwa amehamia kwetu kutoka Katoliki, alikobatizwa akiwa mtoto mchanga. Sisi tunataka maji mengi na mtu anayejitambua. Kwa miaka mingi mama alifua vitambaa vya meza ya Bwana na kuosha vikombe vyake, lakini ibada ikifika pale pa kushiriki, yeye alibaki benchi la nyuma akitazama wenzake wakinywa. Aliitaka meza ile kuliko kitu chochote.

Na wala si kwamba hakujua mafundisho. Mungu mmoja katika nafsi tatu alieleza vizuri kuliko mimi. Wokovu kwa neema, si kwa matendo, alikubali, ingawa alinong'ona kwamba siku za mkutano mkubwa watu wa neema hula ugali wa watu wa matendo. Kurudi kwa Yesu alikungoja kwa hamu, ila aliomba kuwe baada ya kuvuna mpunga. Kilichomwangusha ni swali la sita, la uhakika wa wokovu: "Ukifa leo, utakwenda wapi?"

Jibu ni neno moja tu, mbinguni. Unalitamka kwa sauti, wazee wanasema amina, unakwenda kutafuta nguo ya kubatiziwa. Mama mara ya kwanza alijibu, "Mungu ndiye anajua." Mara ya pili akasema, "Tutaona hukohuko."

Nilikasirika, nakiri. Mwalimu gani huyo anayeshindwa na mama yake? Nikamfuata nyumbani akipepeta mchele.

"Mama, umeokoka au hujaokoka?"

"Nimeokoka."

"Basi sema utakwenda mbinguni."

"Nyumba ni ya mwenyewe, mwanangu. Unajikaribishaje? Sisi Warundi hata ukijua umepikiwa, unasimama nje unapiga hodi."

"Lakini umealikwa, mama! Ukialikwa harusi pale Majengo, unasemaje?"

"Nasema nitakuja, Mungu akipenda."

Nikaondoka kabla sijatenda dhambi.

Mahojiano ya mwisho yalikuwa Jumamosi. Shimo lililobaki tulipofyatua matofali ya kanisa lilikuwa tayari limetandikwa turubai na kujazwa maji, maana kiangazi viboko hujazana kwenye madimbwi ya mto, na hakuna msingi wa imani unaotulazimisha kubatizwa pamoja nao. Mama akajibu maswali matano bila kusita. Likaja la sita.

"Nitakwenda mbinguni," akasema.

Nusura nirukeruke. Mzee kiongozi akainua kalamu.

"Mungu akipenda," mama akamalizia.

Kalamu ikashuka. Nikasahau heshima, nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Mama, hilo la Mungu akipenda litoe!"

Akageuka juu ya stuli, akanitazama kwa huruma.

"Nikimtoa Mungu, mwanangu, sasa huko nitakuwa nakwenda kwa nani?"

Mzee mmoja alivua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Kisha kiongozi akaandika.

"Mama ataingia majini kesho," akasema. "Huyu mwalimu wake ndiye aanze darasa upya."

Hakuwa anatania. Nilinuna hadi kesho yake, mama alipofika mezani na kanga yake ikiwa bado inachuruzika maji, akapokea kikombe kwa mikono miwili, na kabla ya kunywa akamwambia mchungaji, "Asante kunikaribisha."