Mivule Aliyoiacha Huruma

Wapasua mbao wenzake ndio waliomwita Huruma, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Walikuwa wakimcheka. Mtu aliyeishi kwa msumeno tangu ndevu zake hazijaota, aliyeangusha mivule ambayo watu wanne walishindwa kuikumbatia, alikuwa na mwiko mmoja uliowachosha wenzake: mvule unaozaa hakuugusa. Akifika msituni na kibali chake, kwanza aliinama chini ya mti akapekua majani makavu. Akiokota hata tunda moja, lile tunda refu la kijani lenye mikunjo, wenzake walijua kazi imehama. Walibeba kamba, shoka na chakula chao, wakamfuata hadi mti mwingine huku wakinung'unika.

"Anayezaa hauawi," ndilo lilikuwa jibu lake, na halikuwa na nyongeza. Usiozaa aliupiga chini bila kupepesa macho.

Msimdhanie kuwa mtu wa machozi. Mbao za mvule alizipenda kama mchinjaji anavyopenda nyama nzuri. Alijua kwamba mvule huficha jiwe tumboni, na kwamba msumeno ukikutana na jiwe hilo meno yake yanakwisha. Kwa hiyo aligonga gogo kwa kisigino cha shoka na kusikiliza kabla ya kupasua. Milango ya nusu ya mji ilitoka mikononi mwake. Lakini alipenda kusema, hasa palipokuwa na wasikilizaji, kwamba wengine wanaacha visiki na yeye anaacha msitu. Na kweli, kilimani juu ya chemchemi mivule yake ilikuwa bado imesimama, mikubwa, na popo walijazana humo kila msimu wa matunda. Wageni walipelekwa kuitazama. Mwenyekiti wa kamati ya msitu alimtaja Huruma kwenye mikutano, na mzee akainamisha kichwa kama bibi harusi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yeye hakutia maji, ila masikio yalimkua kidogo.

Kifua kilipoanza kumkatalia kwa vumbi la mbao, aliuweka msumeno chini akawa msaidizi wa mkewe. Mkewe alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, viriba vyeusi vya plastiki vya kukuzia miche vimepangwa safu kwa safu chini ya kivuli cha nyasi, na watu walimwita Mama Miche. Mama huyu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliotesha mikangazi, mininga na mivule, na mume alipokuwa akijisifu mbele ya wageni, yeye aliendelea kupepeta udongo.

Mvule ndio uliokuwa ukimtesa. Miaka ya mwanzo mbegu zake ziliota vizuri tu. Baadaye zikaota chache, kisha chache zaidi, na sasa misimu mitatu mfululizo kitanda cha mvule kilikaa kitupu kama uwanja uliofagiliwa. Hakuacha jambo. Aliokota matunda chini ya mivule mikubwa ya mumewe kule kileleni, akayaloweka, akayaponda, akayachuja, akaanika mbegu kivulini. Alibadilisha mchanga. Alibadilisha maji. Alimlaumu kuku wa jirani, na siku moja alimlaumu mume, kwamba anamwagilia kama mtu anayezima moto.

Ingekuwa ni hasara ya kitalu tu, angenyamaza. Lakini mteremko wa pili wa juu ya chemchemi, ulioachwa uchi na wapasua mbao wasiokuwa na huruma wala jina hilo, ulikuwa unasubiri kupandwa. Kamati ilitaka mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na haina deko. Mama Miche alisimama mkutanoni akasema mikaratusi itakunywa chemchemi yote na watu wabaki kulamba mawe. Akaomba mteremko upewe mivule, na miche ataitoa yeye. Walimpa msimu mmoja. Isipoota, walisema, watapanda wanachoona kinafaa.

Basi akamwita Bibi Misitu, msichana aliyeletwa karibuni kwenye ofisi ya misitu, mpole, mwenye buti zinazompwaya. Msichana akawaamkia, akaomba mbegu na kikombe cha maji. Akazimwaga ndani. Zikaelea zote. Akazikoroga kwa kidole, zikazama kidogo zikarudi juu. Akaipasua moja kwa ukucha, akamwonyesha Mama Miche: ganda, na ndani hamna kitu.

"Mapepe," alisema Mama Miche taratibu. Neno hilo alilijua kutoka kwenye mpunga, ila hakuwahi kufikiri kwamba mti mzima ungeweza kuzaa mapepe.

Bibi Misitu akataka kuiona miti yenyewe. Wakapanda kilima wote watatu, Huruma mbele, mikono nyuma, tayari kupokea sifa zake. Msichana akazunguka mvule mmoja, akaenda wa pili, akaenda wote. Aliporudi alikuwa ameacha kutabasamu. Akaeleza kwamba mivule ni kama mipapai: upo wa kike unaozaa, na upo wa kiume unaotoa maua tu, na vumbi la maua hayo husafirishwa na upepo hadi kwa wa kike.

"Hii yote ni ya kike, baba," alisema. "Madume yako wapi?"

Huruma alisema kwamba hata nyumbani mpapai dume hukatwa, kila mtu anakata, na mipapai inaendelea kuzaa.

"Inazaa kwa sababu jirani ana dume lake. Msitu hauna jirani, baba."

"Niliyakata mimi," alisema Huruma.

Alisema hivyo tu, akakaa kwenye jiwe. Aliona aibu kuliko mwizi, maana mwizi anajua anachokifanya, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akijiona mwema. Wapasua mbao wengine walikata ovyo, na kilimani hapa kwa kukata ovyo wangeacha ovyo pia, dume hapa na jike pale. Yeye alichagua. Alipekua majani kwa mikono yake mwenyewe ili asikosee, na hakukosea hata mara moja.

Mama Miche angeweza kumaliza hasira zake za miaka pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama mumewe, akauliza kama hakuna hata mvule dume mmoja uliomponyoka.

Ulikuwepo mmoja. Kila mtu aliujua, na hakuna aliyewahi kuuita mti wa msituni: ule mvule wa pembeni mwa mashine ya kusaga, chini ya kilima, mali ya mdogo wake Mama Miche. Haukuwahi kuzaa. Kila mwaka ulimwaga mikia ya maua meupe juu ya bati, mifereji ikaziba, na mingine ikaangukia mikekani ambako wateja walianika nafaka. Wateja walilalamika, na baadhi walikuwa wamehamia mashine ya ng'ambo. Mizizi nayo ilikuwa imeinua ukuta wa nyuma. Shemeji alikuwa amemwomba Huruma autoe, na Huruma alikuwa amekubali kuushika tena msumeno mara moja tu, kwa ajili ya ndugu. Msumeno ulikuwa tayari umenolewa, umeegeshwa mlangoni.

Asubuhi yake akaenda kwa shemeji bila msumeno. Akamkuta amejaa unga hadi kope. Akamweleza yote: mapepe, madume, mteremko. Shemeji alisikiliza kwa adabu, maana Huruma alikuwa ameoa dada yake, kisha akasema yeye anaendesha mashine, haendeshi msitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wake unaonekana. Kama Huruma ameacha kazi, wapo wengine wenye misumeno.

"Wapo," alikubali Huruma. "Nimewafundisha mimi."

Hakuwa amezoea kuomba. Alikohoa, akatazama juu ya bati, akasema ataziba ufa yeye mwenyewe, na maua yakianza atapanda kila asubuhi kufagia paa na mifereji, na mikeka ataitandika mbali. Akisahau asubuhi moja, shemeji amwite mwenye msumeno.

"Kifua chako kile, shemeji?"

"Maua hayana vumbi la mbao."

Shemeji akacheka, na aliyecheka amekwisha kubali nusu.

Maua yalipoanza, watu waliokuja kusaga walimkuta mtu mzima juu ya bati, ufagio mkononi, kanzu kuukuu imefungwa kiunoni. Walimwambia Mama Miche kwamba ameletewa mke mwenza mwenye maua meupe. Akawajibu kuwa huyo ni dume, hana wivu naye. Wapasua mbao wa zamani walipita makusudi, wakauliza kama siku hizi Huruma analea mti au mti unamlea yeye. Aliendelea kufagia. Alichoka vibaya, na mara mbili alishuka ngazi akiwa hana pumzi, akaketi chini ya mti mpaka pumzi ikarudi. Kufagia hakukuzuia upepo, na upepo ulipanda kilimani kila mchana.

Matunda yalipoiva, Mama Miche alimwaga mbegu kwenye kikombe na wote wawili wakainama juu yake. Nyingi zilielea. Chache, zile zilizotoka kwenye mivule iliyo karibu na mashine, ambako awali hakuwa akiokota, zikazama zikabaki chini. Mama Miche hakupiga kigelegele. Alimwaga mapepe, akazihesabu zilizobaki kimya kimya, akakataa kumwambia mtu idadi yake.

Ziliota. Kamati, baada ya maneno mengi, iliupasua mteremko: sehemu ya juu ikapandwa mikaratusi, na ya chini, inayokaa juu ya chemchemi yenyewe, ikaachiwa miche ya mvule. Hapakuwa na mshindi, na Mama Miche alisema afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Huko kitaluni wadudu wa vivimbe wakashambulia majani, baadhi ya miche ikafa, mingine ikapinda.

Siku ya kuiondoa kitandani na kuitia viribani, Mama Miche alikaa chini akaanza kuchambua, kama anavyofanya mwenye kitalu yeyote: wenye nguvu huku, dhaifu kule kwenye lundo. Huruma alikuwa anamletea udongo. Mama Miche akainua mmoja, umejikunja shina, una majani mawili tu, na moja limetoboka.

"Huu hautafika mbali, mzee. Niutupe?"

Huruma akaupokea kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku. Kwa mvule, mtu hajui upi ni upi mpaka utoe maua, na ukitoa maua yeye atakuwa ameshazikwa.

"Na kama huyu ndiye baba?" aliuliza.

Mama Miche akalivuta lundo lote la miche dhaifu upande wake, akachukua kiriba kingine, akaanza kukijaza udongo.