Gari la Dhahabu Njia ya Chukwani

Skuli niliikimbia mapema, lakini sinema sikosi, na ndiyo iliyoniponza juzi. Niliona Wamarekani wakienda kutafuta dhahabu kwa magari ya ng'ombe yenye vibanda vya turubai, nikapagawa.

Kesho yake nilikuwa nimpeleke mjini Bi Mize wa Chukwani, ambaye bintiye nimemposa na jibu bado. Nikapinda fito juu ya gari langu la ng'ombe, nikafunika shuka nyeupe.

"Lala humo, Bi Mize, jua lisikuchome."

Akalala fofofo. Nikatangulia mbele, nikimwongoza ng'ombe. Njiani wanaume wakaacha majembe, wakavaa kofia, wakatufuata. Nikadhani wamelipenda gari, nikawapungia mkono. Hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja akanishika bega. "Pole, mwanangu. Marehemu nani wako?"

"Marehemu gani?"

"Huyo mwanamke ulomfunika."

Nikageuka. Zile fito na shuka, jeneza la mwanamke hasa, lile linalopindiwa fito ili umbo la maiti lisionekane! Mara shuka ikainuka, Bi Mize akatoa kichwa.

"Nani kafa?"

Wasindikizaji wakatimua mbio. Mzee alishindwa kukimbia, akamnyooshea kidole. "Wewe, Bi."

Bi Mize akanitazama. "Basi na posa yako ikazikwe leo leo."