Mabeki Wawili wa Kakuma

Mwaka ule timu yetu ya wasichana ilikuwa na washambuliaji wazuri na hakuna kingine. Tulikwenda Kitale kucheza na vyuo vingine, tukafunga mabao, tukafungwa mengi zaidi, tukarudi Lodwar kimya. Kocha mkuu, ambaye kazi yake hasa ni kufundisha ufundi wa umeme, aliniita karakanani akiwa bado ameshika koleo. Aliniambia chuo kimekubali kutoa nafasi mbili za masomo kwa wachezaji, na kwamba hataki kusikia habari za straika. Nikatafute mabeki kwenye shule za sekondari. Alinituma mimi kwa sababu nilicheza beki wa kati nilipokuwa msichana, na kwa sababu Jumamosi sina vipindi.

Kutafuta beki si kama kutafuta mshambuliaji. Mshambuliaji hujileta mwenyewe. Hata mama anayeuza maji kando ya uwanja atakuonyesha. Beki mzuri hufanya jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina shahidi. Katika shule za Lodwar nilizopitia, kila msichana niliyemuuliza anacheza wapi alisema mbele. Walimu nao huwaweka nyuma wale waliochelewa mazoezini, au mwenye mwili mkubwa, au asiyejua kupiga shuti. Niliona wasichana wenye nguvu wakiubutua mpira mbali kwa hasira, na watu wakishangilia jinsi ulivyokwenda mbali. Sikuchukua hata mmoja.

Kakuma nilikwenda kwa sababu kulikuwa na mashindano ya shule, si kwa matumaini. Shule iliyoyaandaa iko pembeni ya kambi, na humo wakimbizi na wenyeji husoma pamoja. Jua lilikuwa limeanza kupoa lakini upepo bado ulikuwa na vumbi. Mechi haijachanganya, mpira ukatoka nje ukaingia kwenye ua wa mathenge, ukatobolewa na miiba. Ikabidi tungoje uletwe mwingine. Wachezaji wote walikimbilia kivuli cha ukuta wa darasa, isipokuwa wawili. Mmoja alikuwa mrefu sana, binti wa Sudan Kusini. Mwenzake alikuwa Mturkana, mfupi, magoti yamejaa makovu. Walibaki juani wakionyeshana kwa mikono mahali pa kusimama.

Mchezo uliporudi niliacha kuutazama mpira, nikawatazama wao. Mrefu alipiga vichwa, na mipira michache sana ya juu ilimpita. Lakini aliyeongoza ngome alikuwa mfupi. Alizungumza tangu mwanzo hadi mwisho bila kupaza sauti, kwa lugha yao wenyewe, Kiturkana kidogo, Sheng kidogo, na Kiarabu cha Juba alichojifunza kwa mwenzake. Akisema “wara”, yaani nyuma, mrefu alirudi bila hata kugeuka kumwangalia.

Ikafika mahali wakapanda mbele pamoja, straika wa wapinzani akabaki ameotea peke yake. Mshika kibendera hakuinua mkono. Nadhani hakuijua sheria ile. Straika akafunga, bao likakubaliwa. Wenzao walimzonga refa, mfupi hakwenda. Alimtazama mshika kibendera kwa muda, akamwambia mrefu neno, na hawakuutega tena mtego ule hadi mapumziko. Kipindi cha pili, timu zilipobadilishana pande na wao wakawa upande wa mshika kibendera mwingine, alingoja kwanza auone mkono wa yule mtu ukiinuka kwa kosa la mtu mwingine. Alipouona, wakaanza tena.

Walishindwa kwa bao lile moja. Mimi nilikuwa nimepata nilichofuata.

Nilizungumza na mwalimu wao wa michezo, kisha na wao wenyewe. Mrefu aliuliza wasichana wa chuo wanalala wapi. Mfupi aliuliza kama kuna masomo ya afya ya mifugo. Hakuna aliyeuliza habari za mpira. Walikuwa kidato cha mwisho, na waliniambia nikaseme na wazazi.

Nyumbani kwa mrefu, ndani ya kambi, nilipewa chai kabla ya kuulizwa nilichojia. Mama yake hakujua Kiswahili cha kutosha kwa mazungumzo kama yale, kwa hiyo binti alitafsiri. Nilieleza habari za chuo, masomo, chakula, timu. Mama alijibu kwa muda mrefu, akitazama mikono yake, na sauti yake haikupanda. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

“Anasema hapana,” akaniambia.

Akaongeza kwamba familia inasubiri kuitwa kwa mahojiano ya kuhamia nchi nyingine, na siku hiyo mmoja akikosekana wote wanarudi nyuma. Wamesubiri tangu yeye akiwa mtoto wa madarasa ya chini. Sikubishana. Turkana nzima inajua subira ya namna ile. Aliponisindikiza hadi njiani nilimwambia kwamba mama yake alizungumza mengi kuliko hayo.

“Hayo mengine ni yetu,” akasema, bila ukali.

Nyumbani kwa mfupi kulikuwa ng'ambo ya laga, mto wa mchanga usio na maji, upande wa wenyeji. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala mjini, na alikuwa ameambiwa nakuja. Tukasalimiana, ejok, ejok, akanipa kiti cha plastiki, mwenyewe akakalia kigoda chake. Alisikiliza kila kitu kwa adabu. Kisha akauliza swali moja.

“Na akivunjika mguu?”

Nikasema masomo yataendelea.

“Nani amesema?”

“Mimi, baba.”

“Lakini wewe si mkubwa wa chuo.”

Ilikuwa kweli. Nilimpigia simu mkuu wa chuo pale pale, nikaweka spika, nikalirudia swali. Mkuu akasema nafasi ni ya masomo, mguu uwepo usiwepo. Mzee akacheka, akamwita binti yake aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango, akamwambia akatafute sanduku.

Muhula wake wa kwanza Lodwar ulikuwa mbaya. Nilimpanga katikati pamoja na mwanafunzi wa ushonaji kutoka Lokichoggio, msichana mwenye mbio na roho ngumu, lakini asiyesikiliza mtu. Mfupi alizungumza kama alivyozoea na hakuna aliyemjibu. Wengine walimcheka kwa maneno yake ya kambini. Baada ya wiki chache akaacha kuzungumza, na alipoacha nikaona ni beki wa kawaida tu, tena mfupi. Kocha mkuu aliniuliza kama huyu ndiye yule niliyemsifu. Nikasema ndiye.

Nilimkuta jioni moja akifua jezi nyuma ya bweni. Nilimwuliza mbona siku hizi yuko kimya uwanjani.

“Mwalimu, hapa nikisema hakuna mtu anasikia,” alisema. “Kule nilikuwa naongea na mtu.”

Akaniambia anafikiria kurudi nyumbani. Sikumbembeleza. Nilimwambia amalize muhula, kwa kuwa mitihani ya mifugo ilikuwa karibu na alikuwa akifanya vizuri darasani. Lakini mazoezi yaliyofuata nilitoa amri kwamba hakuna ruhusa ya kuzungumza uwanjani isipokuwa yeye. Atakayefungua mdomo atazunguka uwanja. Yule wa ushonaji alizunguka sana siku ile. Alirudi amechoka, hana nguvu za kukaidi, na kwa mara ya kwanza akageuka pale alipoambiwa ageuke, akaukuta mpira miguuni mwake. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu njiani. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, lakini walianza kusikilizana.

Mwaka uliofuata mrefu akanipigia simu. Mahojiano yalifanyika, wakaambiwa wasubiri majibu, na mama yake sasa anasema anaweza kuja. Alikuja na kibali cha kusafiri na begi moja, akaandikishwa darasa la kompyuta. Nilidhani mambo yangekuwa mepesi. Kumbe kwa muda ule wote kambini alikuwa akicheza mbele, na alitaka kuendelea mbele.

“Kule nikifunga watu wanaimba,” aliniambia.

“Hapa utacheza nyuma.”

“Na nani ataimba?”

Nikamwambia hakuna atakayeimba. Alikasirika siku kadhaa, kisha akarudi nyuma. Hata hivyo hawakuwa tena watu wawili wa uwanja wa Kakuma. Mfupi alikuwa amezoea mwenzake mwenye mbio. Mrefu alikuwa amejifunza kuupenda mpira miguuni, na alikuwa mzito wa kuuachia. Waligombana mbele ya wenzao kwa lugha yao ile, ambayo sisi wengine tuliielewa nusu nusu. Mimi nilisimama kando na filimbi yangu, sikuipuliza.

Mechi moja tu ndiyo waliyocheza kama nilivyowaona mara ya kwanza, tena vizuri zaidi. Mabingwa wa mkoa walikuja Lodwar, timu iliyokuwa imewafunga watu wote. Upepo ulikuwa mkali. Wapinzani walishambulia kipindi cha kwanza chote na sehemu kubwa ya cha pili, na sikumbuki kipa wetu akidaka mpira mgumu hata mara moja. Kila njia waliyoijia waliikuta imezibwa mapema, kwa hiyo hapakuwa na kurukiana miguu wala kuokoa mpira mstarini. Kulikuwa na sauti ya mfupi tu, na mrefu akienda mahali ambapo mpira ungefika baadaye. Watazamaji walichoka. Wengi walikuwa wameshaondoka refa alipomaliza mchezo, bila bao kwa bila bao.

“Mchezo mbovu,” kocha mkuu alisema, akikunja nyavu.

Nilikubali kwa kichwa. Sijawahi kuona mechi niliyoipenda zaidi, na nilitembea nyumbani polepole ili nisiisahau.

Familia ya mrefu iliitwa kabla mwaka haujaisha. Alikuwa na siku chache za kujiandaa, na nyingi alizitumia kwenye foleni za Kakuma. Mfupi aliomba ruhusa akaenda kumuaga. Aliporudi, mazoezini alisimama mahali pake akaanza kumwelekeza yule wa ushonaji kama kawaida. Mrefu huniandikia mara kwa mara kutoka nchi ya baridi. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na anasomea uuguzi. Mpira anauangalia kwenye simu.

Mfupi alimaliza masomo yake na akapata kazi Lokori. Nilipita huko mwaka huu siku ya soko, nikamkuta kwenye zizi akichanja mbuzi pamoja na wenzake wawili. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliwaelekeza wachungaji wapi pa kusimama na mbuzi gani aletwe, bila kupaza sauti, na wanaume wenye umri wa baba yake wakafuata. Aliponiona aliinua bomba la sindano kunisalimu, akaniambia nikae kivulini amalize.

Baadaye tulikunywa chai kwenye kibanda karibu na soko. Alinieleza juu ya homa ya mapafu ya mbuzi, jinsi inavyoingia kwenye kundi na kwa nini watu huchelewa kuiona. Alieleza vizuri, nikauliza maswali mengi. Mpira hatukuutaja. Chai ilipokwisha aliitwa zizini, akaondoka akikunja mikono ya shati.